Mji wa kisiwani usiojua visiwa vyake

Wazee wanatuambia, na vitabu vya historia vinarudia, kwamba jina Kisangani maana yake ni kisiwani. Wanaosema Lingala wanaita Singitini, wenyeji wanaita Boyoma, na maana wanayoipa ni ile ile. Hata kituo cha kwanza cha wazungu hapa kwetu, kile Stanley alikiacha mwezi wa Desemba 1883, kilisimama juu ya kisiwa karibu na maporomoko. Kwa hiyo sisi ni watu wa kisiwani kwa jina na kwa historia. Lakini chukua mtu mwenye diploma ya Leta hapa mjini, hata mwenye lisansi, umuulize: kuanzia Wagenia kushuka mpaka Isangi, mto una visiwa gani? Vinaitwaje? Humo ndani kunaishi nyama gani, ndege gani, miti gani? Atakuangalia sawa vile umemuuliza habari za mwezini. Labda kimoja atakijua, kile kinachoitwa Belgika, na hicho chenyewe kinabeba jina la kampuni ya wakoloni.

Nimeombwa niandike juu ya mila. Ninajua kinachongojewa katika kijitabu cha namna hii: mahari, kuzaliwa kwa mapacha, kutahiriwa kwa vijana, matanga, ngoma. Mambo hayo yana maana yake na wenzangu wanayaandika vizuri. Mimi nitaandika juu ya samaki, makako, kasuku na pori la visiwa vya mto wetu, na ninasema tangu mwanzo kwamba hiyo pia ni mila. Tena ni mila inayokufa upesi kuliko ngoma. Ngoma ina watu wa kuicheza siku ya sikukuu, mbele ya viongozi, na mtu wa televisheni anakuja kupiga picha. Jina la samaki halina sikukuu. Mzee aliyelijua akizikwa, limezikwa naye, na hakuna anayesikia kama kitu kimepotea.

Tuanze na shule, kwa sababu ndiko ninakofanya kazi. Wanafunzi wetu wa sekondari wa biolojia-kemia, wakifika somo la mageuzi ya viumbe, wanafundishwa Galapagos. Mwalimu anachora visiwa ubaoni, anachora midomo ya ndege wadogo, mmoja mnene, mmoja mwembamba, anaeleza kwamba Mwingereza Charles Darwin alipita huko mwaka 1835, akakaa majuma matano, na mwaka 1859 akatoa kitabu kilichogeuza elimu ya viumbe. Mwanafunzi ananakili. Siku ya Egzeta anaweka alama ya msalaba mahali panapotakiwa. Sina neno na Darwin, na Galapagos ni mfano mzuri sana. Swali langu ni moja: kwa nini mtoto wa Kisangani asafirishwe kwa mawazo mpaka bahari ya Ekwador kwenda kutafuta kitu ambacho kinapita mbele ya dirisha la shule yake?

Maana ya mfano wa visiwa ni nini? Ni kwamba maji yanatenga. Kiumbe kikibaki upande huu na ndugu yake akabaki upande ule, na wasiweze kuvuka, basi baada ya wakati mrefu kila mmoja anakwenda njia yake, mpaka siku moja hawajuani tena. Kwa jambo hilo haihitajiki bahari. Mto mkubwa unatosha. Mwingereza mwingine, Alfred Russel Wallace, yule aliyekuja kuwa maarufu kwa visiwa vya Malay, alianza kuliona jambo hilo kwenye mto Amazon, akaandika mwaka 1852 kwamba aina za makako za ngambo moja si zile za ngambo nyingine. Na tuweke alama hapa: aliandika pia kwamba wawindaji wa kule walikuwa wanalijua vizuri. Waliotaka nyama fulani walikuwa wanavuka mto kwenda kuitafuta. Elimu ilikuwa yao kwanza, kiisha ikawa ya kitabu.

Sasa turudi hapa. Sokomutu, yule ambaye mwalimu anamwita shimpanze, anaishi ngambo ya kuume ya mto Kongo. Bonobo anaishi upande wa kushoto peke yake, na hakuna mahali pengine duniani anapoishi porini isipokuwa ndani ya nchi yetu. Ni ndugu wa tumbo moja waliotengwa na maji, maana wote wawili hawajui kuogelea. Wataalam wanakadiria kwamba wametengana zaidi ya miaka milioni moja. Panya wadogo wa pori vilevile: watafiti wamepima wale wanaoitwa Praomys pande zote mbili za mto katika eneo letu, wakakuta kwamba mto Kongo na mito inayoingia ndani yake imegawanya uzao wao. Na mji wetu umekaa wapi? Umekaa juu ya mpaka huo huo, komini tano ngambo ya kuume na Lubunga ngambo ya kushoto. Mama anayetoka Lubunga kila asubuhi na mtumbwi kuja kuuzisha sombe na ndizi anavuka mpaka mkubwa kuliko mipaka ambayo Leta imeweka askari wa kuichunga. Anavuka na beseni kichwani, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Maporomoko nayo ni mpaka wa namna nyingine. Kutoka Ubundu mpaka hapa Wagenia ni maporomoko saba, kama kilometa mia moja za mto, na maji yanashuka metre zipatazo 60. Masua zinazotoka Kinshasa zinafika hapa na kusimama. Ndiyo maana wakoloni walijenga reli ya kutoka ngambo ya kushoto mpaka Ubundu, ikafunguliwa mwaka 1906. Lingala ilipanda na mto kutoka chini, Kiswahili kilishuka na mto kutoka Maniema pamoja na watu wa Tippu Tip, zikakutana hapa, na ndiyo sababu mtoto wa Kisangani anagombana kwa lugha moja na kuomba msamaha kwa nyingine. Wataalam wa samaki nao wanahesabu maporomoko hayo kama mpaka kati ya mto wa juu na mto wa kati. Mambo ambayo lugha zilifanya kwa miaka mia moja na kitu, samaki walikuwa wameyafanya tangu zamani ambazo hakuna mtu wa kuzihesabu. Huko mbali chini ya Kinshasa, ambako mto unapita kwa nguvu kati ya mawe mpaka karibu na bahari, mkondo peke yake umekuwa ukuta: samaki wa ukingo mmoja wanaachana kwa uzao na wa ukingo wa pili, hata kama ni umbali ambao mtu anaweza kuita mwenzake. Na chini kabisa, mahali jua halifiki, kunaishi samaki mweupe asiye na macho, ambaye wataalam walimwandika mwaka 1976 kwa jina la Lamprologus lethops. Hayo yote ni ya mto mmoja, huu wetu, wenye aina za samaki zaidi ya mia saba na visiwa maelfu. Kama hiyo si funguvisiwa, basi neno hilo sijui lina kazi gani.

Mtu atasema: mwalimu, hiyo ni sayansi, tuiachie chuo kikuu, sisi ni chama cha mila. Hapo ndipo tunapogombana.

Angalia habari za lesula. Mwezi wa Juni 2007 watafiti waliokuwa wanatembea katika pori la Lomami walifika Opala, hapa hapa Tshopo. Katika uwanja wa mkurugenzi wa shule ya msingi waliona makako mdogo wa kike amefungwa kamba, wenye nyumba wanamfuga. Uso kama wa mtu, macho makubwa yanayokuangalia kwa huzuni. Wakauliza: huyu ni nani? Wakajibiwa: lesula. Wawindaji wa kule walikuwa wanamjua tangu wazazi wa wazazi wao, wanajua anapokula, wanajua sauti yake ya asubuhi, wanajua hata kwamba dume ana matako ya rangi ya bluu. Miaka mitano baadaye, 2012, lesula aliingia katika vitabu vya sayansi kwa jina la Cercopithecus lomamiensis, na magazeti ya dunia nzima yakapiga kelele kwamba makako mpya amevumbuliwa Afrika. Mpya kwa nani? Ninafikiri mara nyingi juu ya uwanja ule wa Opala. Mita chache kutoka pale kulikuwa na madarasa, ubao, chaki, walimu wenye vyeti. Somo lilikuwa limefungwa kwenye mti nje, na ndani watoto walikuwa wanajifunza simba, twiga na dubu.

Simlaumu yule mkurugenzi. Yeye na mimi tulifundishwa katika vyuo vya namna moja. Nalaumu desturi yetu sisi wenye masomo, ya kuamini kwamba kitu kinaanza kuwa kitu siku kinapopata jina la Kilatini. Bonobo mwenyewe alitokea kwenye vitabu mwaka 1929 kutoka fuvu lililokuwa limewekwa katika museo ya Tervuren, Ubelgiji. Ni fuvu lililosema, wakati wanaomwona kila siku walikuwa hawajaulizwa. Tausi wa Kongo vilevile. James Chapin, Mmarekani, aliona unyoya mmoja wake juu ya kofia ya mtu huko Avakubi mwaka 1913, akakaa na unyoya ule zaidi ya miaka ishirini bila kujua ni wa ndege gani, mpaka 1936 alipokuta ndege wawili waliokaushwa katika museo hiyo hiyo ya Tervuren, wamewekewa karatasi ya uongo inayowaita tausi wa Uhindi. Mwenye kofia alijua ndege yule anapolala. Kofia yake ilikuwa kitabu, lakini hakuna aliyekifungua.

Basi sasa Mbiye, kwa sababu mambo ya Opala yako mbali na mtu anaweza kusema hayamhusu. Mbiye iko hapa, mashariki ya mji, juu ya maporomoko ya Wagenia, kisiwa cha kama kilometa 14 kwa urefu. Mvuvi anakifikia kwa mtumbwi. Kina pori la nchi kavu, kina pori linalofunikwa na maji kila mwaka mto unapojaa, kina pori la matope ambamo maji hayatoki. Mapori ya namna tatu juu ya kisiwa kimoja, pembeni ya mji mkubwa! Wapo wazungu wanaopanda ndege, wanatumia dola kwa maelfu, ili waone kitu cha namna hiyo. Pori lile la maji ndilo ninaloomba msomaji alifikirie vizuri. Mto ukipanda, samaki hawabaki mtoni. Wanaingia kati ya miti, wanakula matunda na wadudu wanaoanguka, wanataga mayai kwenye mizizi ambako mkondo hauwapeleki. Maji yakishuka, wanarudi mtoni wakiwa wanene, pamoja na watoto wao. Hivyo mti wa Mbiye unalisha samaki, na samaki analisha Kisangani. Mvuvi wa Kienya analijua hilo bila kuambiwa. Mtu wa mjini anaona kuni.

Na kuni ndizo zinazokwisha kule. Mti unaanguka, unafunikwa na udongo, unawaka siku kadhaa, unatoka katika magunia. Makala. (Wenzetu wa Tanzania wanaita makala andiko la gazeti kama hili ninaloandika, sisi makala ni ile ya kupikia, na ninaogopa kwamba kati ya hizo mbili ile ya kwetu inasomwa zaidi.) Hapa nataka kujibu watu wa aina mbili, kwa sababu nimechoka kuwasikia katika mikutano.

Wa kwanza ni wale wanaosema: ni wajinga wa kisiwani wanaomaliza pori, waelimishwe. Hao wanaosema hivyo wanakula nini jioni? Chakula chao kinapikwa na nini? Makala haivuki mto kwa miguu yake. Inavuka kwa sababu ngamboni kuna nyumba zetu, za walimu, za makarani, za maprofesa, za viongozi wa dini, ambamo umeme ukija unakuja kama mgeni na kuondoka bila kuaga. Mkata miti anapata sehemu ndogo kabisa ya bei ambayo sisi tunalipa sokoni. Kumwelimisha yeye na kuacha jiko letu kama lilivyo ni kumtuma mtoto kufunga mlango ambao sisi wenyewe tunaushikilia wazi. Kama tunataka kusema juu ya Mbiye, tuanze na jiko: majiko yanayokula makala kidogo, miti ya kuni inayopandwa karibu na mji kwenye mashamba yaliyochoka, na umeme wa kweli. Semina kwa wavuvi zije nyuma.

Wa pili ni watu wa mila, ndugu zangu wa chama hiki na vingine. Wao wanasema mababu walichunga mazingira, walikuwa na miiko, walipenda viumbe, na maovu yote yalikuja na mzungu. Ni maneno matamu lakini hayatusaidii. Mababu walikula nyama, tena walikula vizuri. Walitega, walichoma, walisumu vijito kwa majani wakati wa kiangazi. Kama hawakumaliza pori ni kwa sababu walikuwa wachache, wavu wao ulifumwa kwa nyuzi za porini, na hakukuwa na gari la kupeleka mzigo mbali. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo watu wa mila hawalisemi, na ndilo lenye uzito: mali ilikuwa na mwenyewe. Nenda Wagenia leo uangalie miti ile mirefu iliyosimamishwa kati ya mawe, ile ambayo wageni wanaipiga picha, na mitego mikubwa kama pembe inayoning'inia juu ya maji. Mgeni anafikiri kila mtu anatega anapotaka. Sivyo. Mahali pa kutega pana wenyewe, panarithiwa ndani ya jamaa, na anayeweka mtego mahali pa mwingine atapelekwa mbele ya wazee. Hiyo ni sheria ya mto. Iliishi kupita Stanley, kupita Wabelgiji, kupita Mobutu, kupita vita ya siku sita ya Juni 2000 wakati majeshi ya nchi mbili za jirani yalipopigana ndani ya mji wetu. Kwa samaki wa maporomoko sheria ipo; kwa miti ya Mbiye na kwa maji ya pembeni, anayewahi ndiye mwenye mali. Tofauti hiyo inaeleza mambo mengi kuliko hotuba juu ya upendo wa mababu.

Na vyandarua. Vile vya kuzuia mbu, vinavyogawiwa bure juu ya malaria, tunaviona vikivutwa pembeni ya visiwa, vikikamata mpaka samaki wadogo kama sindano, wanaouzwa kwa kikombe. Ninajua njaa, sitamhukumu mama anayenunua kikombe hicho. Lakini mzee wa mto alijua kwamba mtoto wa samaki ana mwezi wake wa kuachwa. Kijana anayevuta chandarua hakuambiwa, na hakuambiwa kwa sababu wakati mzee alipotaka kumwambia, sisi tulimwita mtoto shuleni tukamfundisha kwamba mambo ya mzee ni ya kale.

Nimefika kwa kasuku. Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu hupenda kulala kwa makundi makubwa, na mara nyingi anachagua miti ya visiwani, mbali na nyama wanaopanda. Jioni wanakuja kutoka pande zote, kelele ni kama soko. Tabia hiyo ya kulala pamoja ndiyo iliyomwangamiza, kwa sababu mtegaji anajua pa kumngojea na gundi yake. Kutoka pori letu wamebebwa ndani ya vikapu, wengi wakifa njiani, wakauzwa Asia, Ulaya na nchi za Waarabu ili waseme jambo ndani ya sebule ya mtu. Mwaka 2016 mkutano wa nchi zilizotia sahihi mapatano ya CITES, huko Johannesburg, ulimweka kasuku huyo katika orodha ya kwanza, maana yake biashara ya nchi na nchi kwa kasuku waliokamatwa porini imekatazwa. Sheria nzuri. Lakini muulize mwanafunzi wa darasa la sita la sekondari hapa mjini kama anaijua. Tausi wa Uhindi anamjua, yuko juu ya kifuniko cha daftari.

Mtaniambia chuo kikuu kinafanya kazi. Ni kweli, na ninakiheshimu. Wanafunzi wa UNIKIS wameandika memwari nyingi juu ya Mbiye, juu ya miti yake, panya wake, samaki wa pembeni yake. Kipo kituo cha uchunguzi wa viumbe, CSB, chenye makusanyo ambayo mji wowote ungejivunia. Mwaka 2010, wakati nchi ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, safari kubwa ya wataalam wa Kongo na Ubelgiji ilishuka mto kutoka hapa kwa masua, ikaitwa Boyekoli Ebale Congo, yaani masomo ya mto Kongo. Jina la Lingala, jambo la kufurahisha. Lakini ni nani kati yenu wasomaji, walimu wenzangu, amekutana na matunda ya safari ile darasani, kwa Lingala au kwa Kiswahili? Mimi sijakutana nayo. Memwari zinaandikwa kwa Kifaransa, zinateteswa mbele ya maprofesa watatu, watu wanapiga makofi, wanakunywa, na kitabu kinaingia kabatini. Mzee wa Kienya aliyempiga mwanafunzi kasia siku zote zile, akamwonyesha kila mti na jina lake na kazi yake, yuko kwenye ukurasa wa shukrani, kama yuko. Nakala haiji kwake. Na kama ingekuja asingeweza kuisoma. Ninasema hilo ni deni, na anayedaiwa anajulikana.

Walimu wenzangu wana jibu lao tayari, ninalijua kwa moyo: hakuna vitabu, hakuna maabara, mshahara hautoshi. Mshahara hautoshi, hiyo sibishani. Lakini maabara ipo, na kuingia ni bure. Iko sokoni, asubuhi, mahali mitumbwi inapofunga. Nzombo ni samaki mwenye mapafu, anapanda juu kuvuta hewa kama mimi na wewe, maji yakikauka anaweza kujifunika matopeni. Ndiye ndugu wa wale samaki wa zamani ambao kutoka kwao walitoka wanyama wote wa miguu minne. Somo zima la mageuzi liko ndani ya beseni la mama, na bado linatikisika. Nina, yule anayekupiga umeme ukimshika, ni somo la fizikia ambalo hakuna mtoto atakayelisahau. Wako samaki wenye pua ndefu kama ya tembo, nao wanatoa umeme mdogo sana ambao hatuusikii, wanautumia kujua njia na kusemeshana katika maji machafu. Mbenga ana meno ya kukata mshipi wa chuma, anaweza kupita metre moja, na wazungu wanavuka bahari ili wapigwe picha wamembeba. Ngolo, mboto, mongusu, kila mmoja ana mdomo wake kwa chakula chake, na mdomo huo ni somo lile lile la ndege wa Galapagos. Mwalimu anahitaji daftari na heshima ya kumsikiliza mwenye samaki.

Tena asisahau yale majani yanayoshuka na maji, yenye maua ya rangi ya zambarau, yanayotembea kama visiwa vidogo. Hayo si ya kwetu. Yametoka Amerika ya Kusini, yaliingia katika mto wetu miaka ya 1950, yakafunga njia za mitumbwi, na wavuvi wakayapa jina la Kongo ya Sika, Kongo Mpya. Wakati wanasiasa walikuwa wanaahidi Kongo mpya, mvuvi alikuwa amekwisha kuiona inaelea, inapendeza kwa macho na kuziba njia.

Ninachotaka kwa chama hiki ni kidogo na kinawezekana. Kijitabu kinachokuja kisitoke bila kurasa za majina: samaki, ndege, nyama na miti ya visiwa vya kutoka Ubundu mpaka Isangi, kwa Kienya, Kilokele, Kiswahili na Lingala, na pembeni ya kila jina liandikwe jina la mzee au la mama aliyelisema, akikubali, na kijiji chake. Jina la Kilatini liwekwe mwisho, kwa msaada wa ndugu zetu wa UNIKIS, ambao kwa kazi hiyo hawatahitaji kupanda ndege. Wazee waitwe kwenye shule na walipwe kama tunavyolipa mtu wa kupiga gitaa siku ya proklamasio. Shule zenye darasa la biolojia-kemia zipeleke wanafunzi Mbiye mara moja wakati wa maji mengi na mara moja wakati wa maji machache, wapime mti ule ule mara mbili, waone samaki walifika mpaka wapi.

Darasa langu limekwisha kuanza. Tuna daftari moja. Vijana wa mitumbwi walitupa majina ya samaki wakubwa, wale wanaouzwa kwa bei. Majina ya wadogo tulipewa na mama mmoja mzee anayekausha samaki, naye alituomba turudi, kwa sababu ya wale wanaopatikana juu ya maporomoko tu alisema anawajua kwa sura, lakini mwenye kujua majina yao ni dada yake mkubwa, na dada huyo anakaa ngambo ya Lubunga, hawezi tena kuvuka. Tunatafuta mtumbwi wa kwenda siku ya Alhamisi.